Umeme ukikatika chuoni, barua pepe zetu zinangoja wapi?

Swali: «Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ndiye mtu pekee wa TEHAMA katika chuo kidogo cha ufundi mkoani Iringa. Seva yetu ya barua pepe iko hapa hapa chuoni, ni programu ya Postfix juu ya mfumo wa Debian, na watumiaji ni 140. Mwezi uliopita umeme ulikatika kwa saa tisa mfululizo, betri zikaisha, seva ikazimika katikati ya msimu wa maombi ya wanafunzi. Mkuu wa chuo ameagiza niweke seva ya pili ili barua zisipotee na watu waendelee na kazi. Nimeshakodi seva ndogo Ujerumani. Je, nikiongeza rekodi ya pili ya MX, ile inayowaambia watumaji ni seva ipi inayopokea barua zetu, inatosha? Nianzie wapi?»

Jibu:

Ndugu yangu, nianze na lile linalokunyima usingizi. Barua zilizotumwa katika zile saa tisa, karibu zote, hazikupotea. Zilikuwa zinangoja huko huko zilikotoka.

SMTP, utaratibu unaotumiwa na seva za barua kuongea, uliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, enzi ambapo mashine kuzimika au laini kukatika halikuwa jambo la kushangaza mtu. Ndiyo maana subira imo ndani yake tangu mwanzo. Seva ya mtumaji ikibisha hodi kwako kwenye poti ya 25, mlango wa barua, na isiitikiwe, haitupi barua. Inaiweka kwenye foleni yake, inasubiri, inarudi tena. RFC 5321 ya mwaka 2008, waraka wa kanuni za SMTP, inaelekeza kwamba mtumaji akae walau dakika 30 kabla ya kujaribu tena, na asikate tamaa mpaka zipite siku nne au tano. Postfix ikiachwa kama ilivyotoka kiwandani huishikilia barua siku tano. Exim, programu nyingine ya seva za barua, hujaribu kila dakika 15 kwa saa mbili za mwanzo, kisha inatanua nafasi kidogo kidogo, na baada ya saa 16 hurudi kila saa sita hadi siku nne ziishe. Saa tisa mbele ya siku nne ni kitu kidogo.

Wapo watumaji wasio na subira. Mifumo inayotuma namba za kuthibitisha akaunti, na baadhi ya wanaotuma matangazo kwa wingi, huacha mapema. Hizo namba hata zingengoja zingekuwa zimekwisha muda. Pia baadhi ya seva humwandikia mtumaji baada ya saa chache kumwambia barua yake bado haijafika. Sendmail, nayo ni programu ya barua, kwa desturi hufanya hivyo baada ya saa nne. Mwombaji anaweza kuisoma taarifa hiyo haraka haraka, akadhani amekataliwa, akapiga simu chuoni kwa wasiwasi. Huenda simu za namna hiyo ndizo zilizomfikia mkuu wako.

Sasa angalia hatari ya kweli, ambayo hukuiuliza. Seva iliyozimika kabisa ina usalama wake, kwa sababu ukimya humfanya mtumaji angoje. Barua hupotea pale seva inapowaka nusu. Katika SMTP jibu linaloanza na 4 maana yake «rudi baadaye», na linaloanza na 5 maana yake «usirudi tena». Umeme unarudi, mashine inawaka, Postfix inaanza kabla diski yenye orodha ya akaunti haijapandishwa, au faili ya majina imeharibika kwa sababu mashine ilizima ghafla. Mgeni anabisha hodi, anajibiwa 550, hakuna mtu wa jina hilo. Barua inarudishwa papo hapo na hakuna atakayeituma tena. Dakika kumi za hali hiyo zinaweza kukupotezea barua nyingi kuliko siku nzima ya giza.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ifanye leo, kabla hujaigusa Ujerumani. Ifunge huduma ya Postfix kwenye diski yake kwa kuongeza mstari wa RequiresMountsFor= katika mipangilio yake ya systemd, mfumo unaowasha huduma za mashine, isianze mpaka sehemu ya akaunti ipatikane. Unganisha UPS na seva kwa programu kama NUT au apcupsd, ili betri ikikaribia kuisha mashine izime yenyewe kwa utaratibu. Na siku unapoirejesha baada ya hitilafu, weka soft_bounce = yes katika main.cf, faili ya mipangilio ya Postfix, mpaka uhakikishe kila kitu kiko sawa. Kwa mstari huo Postfix hugeuza majibu yake ya 5 kuwa ya 4, na mgeni anaambiwa arudi badala ya kufukuzwa. Ukishajiridhisha, uondoe.

Nije kwa agizo la mkuu wako, maana ndani yake mna mambo mawili na moja haliwezekani kwa njia hii. Seva ya akiba hupokea barua zinazoingia, huziweka kwenye foleni, kisha huzikabidhi kwa seva kuu itakaporudi. Basi. Haina masanduku ya watu. Mhasibu hataweza kufungua barua zake wakati wa giza, wala msajili hataweza kujibu. Kama anachotaka mkuu ni watu kuendelea na kazi, dawa ni kuihamisha seva kuu yenyewe kwenye kituo cha data chenye jenereta, au kuweka inveta na betri za kutosha saa 12 hapo chuoni. Mweleze hivyo mapema, kwa maandishi. Ukimwekea seva ya akiba bila kumweleza, umeme ukikatika tena atauliza mbona barua hazifunguki, na utakuwa na haki kidogo sana ya kumlaumu.

Je, bado kuna sababu ya kuwa nayo? Ipo, ila ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani.

Rekodi ya MX ilielezwa mwaka 1986 katika RFC 974, na namba yake ya upendeleo, inayosema seva ipi ijaribiwe kwanza, ilikuwa na maana kubwa kwa mashine zilizokuwa zinaunganishwa kwa vipindi. Hata huku kwetu, mapema miaka ya 1990, mashirika na vyuo vilivyokuwa na barua pepe vilizipata kwa kupiga simu mara chache kwa siku, kupitia FidoNet au UUCP. Ilikuwa lazima pawe na mashine nyingine iliyo macho kukushikia barua. Leo seva ya mtumaji mwenyewe iko macho saa zote, na kazi hiyo anaifanya bila kukutoza.

Kinachobaki ni mamlaka juu ya foleni. Kwanza, muda wa kungoja unaupanga wewe. Ukihama jengo, au mashine ikiungua na kipuri kikachukua wiki mbili kutoka Dar es Salaam, siku tano za mtumaji hazitoshi, lakini foleni yako unaweza kuiambia ishike siku 14 au 20. Pili, ukirudi hewani hungojei ratiba ya mtu. Baada ya siku mbili za giza watumaji wengi wanakuwa wamefikia hatua ya kujaribu kila baada ya saa kadhaa, na barua zitachuruzika mpaka kesho yake. Foleni ikiwa yako, amri moja inazileta zote. Tatu, unaweza kuona nani ameandika. Katika msimu wa maombi hilo lina thamani.

Lakini kila faida hapo ina gharama yake, na gharama ya kwanza naiona nzito kuliko zote. Bila seva ya akiba, mtumaji angejua. Seva yake ingemwambia barua imechelewa, naye angepiga simu au angeleta fomu kwa mkono. Ukiweka seva ya akiba, kwake inaonekana imepokelewa. Mzazi wa Makete aliyetuma cheti cha mwanawe siku ya mwisho anakwenda kulala akiwa na amani, na cheti kimelala kwenye foleni Ujerumani. Umechukua dhamana ya barua ile. Kuanzia sekunde uliyojibu 250, yaani «nimepokea», ikipotea umeipoteza wewe. Mtu asiyekuwa tayari kuikagua foleni hiyo kila siku inapokuwa na kitu, bora asiiweke.

Gharama ya pili ni mlango wa nyuma, na hapa naomba usome taratibu, maana wengi huangukia hapa, mimi nikiwa mmoja wao.

Miaka mingi iliyopita niliweka seva ya akiba kwa shirika moja. Niliandika jina la kikoa chao kwenye relay_domains, orodha ya vikoa ambavyo seva huvipokelea barua kwa niaba, nikajaribu kwa barua moja, ikafika, nikaondoka nikiwa nimeridhika. Sikuipa orodha ya watumiaji. Postfix isipopewa relay_recipient_maps hupokea barua ya jina lolote ndani ya kikoa. Sasa, watumaji wa barua taka wanajua kwamba seva ya akiba kwa kawaida hulindwa ovyo, kwa hiyo wengi huenda moja kwa moja kwenye MX yenye namba kubwa hata seva kuu ikiwa hai na haina kazi. Wakamimina barua za majina ya kubuni. Seva yangu ikazipokea zote, ikazipeleka kwa seva kuu, seva kuu ikazikataa, na kwa kuwa seva yangu ilishasema «nimepokea», ikalazimika kumwandikia kila mtumaji kwamba barua yake imekataliwa. Watumaji hao walikuwa wa kughushi. Watu wasio na hatia, kutoka kila pembe ya dunia, wakaanza kupokea marejesho ya barua wasizozituma, kutoka kwetu. Ndani ya siku chache anwani ya seva ile ikawa kwenye orodha za wanaozuiwa, na kuitoa huko kulinichukua wiki kadhaa za kuomba na kueleza.

Ndiyo maana jibu la swali lako, kama kuongeza rekodi ya pili kunatosha, ni hapana. Seva ya akiba lazima iwajue wenye nyumba wote kwa majina, na iwe na ukali ule ule wa seva kuu mlangoni.

Tuijenge basi. Nitatumia kikoa cha mfano chuochetu.example na anwani za mfano; weka zako.

Anza na DNS, daftari la majina ya mtandao. Rekodi za kikoa chako zinahifadhiwa wapi? Kama ni kwenye seva hiyo hiyo ya chuoni, umeme ukikatika hakuna atakayeiona hiyo MX ya pili, na kazi yote inakuwa bure. Hakikisha kuna seva za DNS angalau mbili, mahali pawili tofauti. Kisha:

chuochetu.example. 3600 IN MX 10 barua.chuochetu.example.
chuochetu.example. 3600 IN MX 20 akiba.chuochetu.example.
barua.chuochetu.example. 3600 IN A 203.0.113.10
akiba.chuochetu.example. 3600 IN A 198.51.100.25

Namba ndogo hujaribiwa kwanza. Usizifanye ziwe sawa, la sivyo watumaji watagawanyika nusu kwa nusu kila siku. MX ielekezwe kwenye jina lenye rekodi ya A, inayotaja anwani ya mashine, isielekezwe kwenye anwani tupu wala kwenye CNAME, yaani jina linaloelekeza kwa jina jingine. RFC 2181 ya mwaka 1997 inalikataza hili la CNAME. Ila hizo rekodi ziandike tu kwa sasa kwenye karatasi. Ziingie kwenye DNS mwisho kabisa, seva ikishajaribiwa.

Kwenye seva ya akiba, main.cf iwe na haya:

mydestination = localhost
relay_domains = chuochetu.example
relay_recipient_maps = hash:/etc/postfix/wapokeaji
transport_maps = hash:/etc/postfix/njia
smtpd_relay_restrictions = permit_mynetworks, reject_unauth_destination
unknown_relay_recipient_reject_code = 450
maximal_queue_lifetime = 14d
bounce_queue_lifetime = 1d
message_size_limit = 10240000

Kikoa cha chuo kisionekane popote kwenye mydestination ya mashine hii. Kikiwemo, itadhani wenye barua wanaishi kwake, na itawatafuta humo ndani. Ukubwa wa barua uwe sawa kabisa na wa seva kuu. Hiyo 10240000 ni ya kawaida ya Postfix, lakini kama wewe uliiongeza chuoni ili vyeti vilivyoskaniwa vipite, iongeze na huku. Ile 450 ni ya muda, nitaieleza mbele.

Faili ya njia ina mstari mmoja:

chuochetu.example smtp:[barua.chuochetu.example]:25

Mabano ya mraba yana kazi. Yanaiambia Postfix isitafute MX, iende moja kwa moja kwa jina hilo. Bila hayo, hasa seva ikiwa nyuma ya NAT, yaani ruta inayobadilisha anwani, na haijui anwani yake ya nje, inaweza kujikuta inajipelekea barua yenyewe na kulalamika kwamba zinazunguka.

Faili ya wapokeaji ina kila anwani halali, moja kwa mstari, na neno lolote pembeni:

usajili@chuochetu.example OK
uhasibu@chuochetu.example OK
postmaster@chuochetu.example OK

Weka na majina ya vikundi na majina ya utani ya anwani, usiishie kwenye akaunti za watu. Anwani ya postmaster ni ya lazima kwa kila kikoa kinachopokea barua. Baada ya kila badiliko endesha amri ya postmap kwa faili zote mbili.

Watu 140 huingia na kutoka, kwa hiyo orodha hii usiibebe kwa mkono. Itengenezwe na seva kuu, kutoka kule unakotunza akaunti, na ipelekwe kwa SSH, njia salama ya kuingia mashine ya mbali, kila saa. Lakini kuna mtego. Kuacha kuitaja orodha kunaifanya seva ipokee kila jina. Kuitaja orodha ikiwa tupu kunaifanya ikatae kila jina, tena kwa 550, moja kwa moja, ile 450 ikishaondolewa. Fikiria hifadhidata ya akaunti imegoma usiku, skripti ikatoa faili lisilo na kitu, likapelekwa Ujerumani, halafu umeme ukakatika. Seva ya akiba ingewafukuza waombaji wote huku ikionekana mzima wa afya. Kwa hiyo skripti yako ihesabu mistari kabla ya kupeleka:

#!/bin/sh
set -e
F=/var/tmp/wapokeaji.mpya
/usr/local/bin/toa-anwani > "$F"
[ "$(wc -l < "$F")" -ge 120 ] || exit 1
scp "$F" akiba:/etc/postfix/wapokeaji.mpya
ssh akiba 'cd /etc/postfix && mv wapokeaji.mpya wapokeaji && postmap wapokeaji'

Hiyo toa-anwani ni programu yako ndogo ya kuchapa anwani zote, kila moja na OK pembeni. Kiwango cha 120 nimekichagua kwa sababu mko 140. Kikishindikana, orodha ya jana inabaki mahali pake, nayo ni bora mara mia kuliko tupu.

Ipo njia nyingine isiyohitaji orodha, reject_unverified_recipient, ambapo seva ya akiba huiuliza seva kuu kama jina lipo na kukumbuka jibu. Jibu la ndiyo hulikumbuka kwa siku 31 usipobadilisha. Ni njia safi, lakini jina ambalo halijawahi kuulizwa litaambiwa lirudi baadaye pindi seva kuu inapokuwa gizani, yaani wakati ule ule uliokufanya uiweke seva hii. Kwa chuo cha watu 140 mimi nachagua orodha.

Sasa upande wa seva kuu, ambao watu wengi huusahau. Barua zote zitakazotoka akiba zitaonekana zimetoka kwenye anwani moja, 198.51.100.25. Ukaguzi wa SPF, orodha ya mashine zilizoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa, huangalia anwani ya anayebisha hodi, kwa hiyo utaona barua ya benki imeletwa na mashine ya Ujerumani isiyokuwa kwenye orodha ya benki, na utaikataa. Sahihi ya DKIM haina shida hiyo kwa sababu inasafiri ndani ya barua yenyewe. Vivyo hivyo, kama seva kuu huwachelewesha wageni wapya kwa makusudi, au ina fail2ban inayofungia anwani yenye makosa mengi, foleni yako ikimiminika kwa kasi utajifungia mwenyewe nje. Iambie seva kuu iitambue akiba, baada ya ukaguzi wa msingi:

smtpd_recipient_restrictions =
  reject_unauth_destination,
  check_client_access cidr:/etc/postfix/tunaowaamini,

kisha yafuate masharti yako mengine ya kawaida. Kama una permit_mynetworks na permit_sasl_authenticated za watu wa chuoni, zitangulie. Ndani ya faili ya tunaowaamini kuna mstari mmoja, 198.51.100.25 OK. Nakuomba usichukue njia ya mkato ya kuiweka anwani hiyo kwenye mynetworks, orodha ya mashine zinazoruhusiwa kutuma kokote. Ukifanya hivyo, siku seva ya Ujerumani ikiingiliwa, mwizi atatuma barua kwa dunia nzima kupitia jina la chuo. Kwa njia niliyokuonyesha anaweza kuleta barua kwa wenyeji tu.

Kama unatumia SpamAssassin, programu ya kuchuja barua taka, iweke anwani ya akiba kwenye internal_networks na trusted_networks, ili iangalie nyuma yake na kumkagua mgeni halisi aliyebisha hodi kule. Na barua iliyokwisha kupokewa na akiba, seva kuu isiikatae hata ikiwa na alama mbaya za barua taka. Ipeleke kwenye folda ya taka. Ukiikataa, akiba italazimika kuandika marejesho kwa mtumaji wa kughushi, na tutakuwa tumerudi kule kule nilikoumia. Ukali wote uwe mlangoni mwa akiba, kabla haijasema 250: orodha zile zile za kuzuia wageni wabaya, na postscreen ile ile, mlinzi wa mlangoni wa Postfix.

Uliza pia kampuni uliyokodi kwake kama poti ya 25 iko wazi kwenda nje. Nyingi huifunga kwa wateja wapya. Ikiwa imefungwa, tengeneza njia ya siri (VPN) ya WireGuard kati ya mashine mbili na upitishe humo, au fungua poti nyingine chuoni na uiandike kwenye faili ya njia. WireGuard ina faida ya pili kama laini ya chuo hubadilishiwa anwani mara kwa mara. Na kama kikoa chenu kimetangaza sera ya MTA-STS, inayowataka watumaji wakabidhi kwa seva zilizotajwa tu na kwa njia iliyosimbwa, jina la akiba liongezwe humo na mashine iwe na cheti halali cha TLS, la sivyo watumaji wanaoiheshimu sera hiyo hawatakabidhi kitu.

Kuhusu Ujerumani kwenyewe, ningefikiri upya. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia. Siku kama hiyo, seva iliyo Ulaya inaendelea kupokea barua za dunia wakati wewe hufikiki vizuri. Lakini shida uliyonieleza ni umeme wa Iringa, na kwa shida hiyo kituo cha data cha Dar es Salaam kinatosha kabisa. Barua za ndani ya nchi hazitatoka nje ya mipaka, na barua za waombaji, zenye vyeti na namba zao za NIDA, hazitalala kwenye diski ya nchi nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina masharti juu ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Mkuu wa chuo na mwanasheria wake wanapaswa kulijua hilo kabla, si baada. Ukibaki Ujerumani, diski isimbwe, isisomeke bila ufunguo, na uisasishe mashine hiyo kwa bidii ile ile ya seva kuu.

Nafasi ya diski haitakusumbua. Pima kwa logi zako mwenyewe, programu ya pflogsumm itakupa idadi ya kila siku. Tuseme mnapokea barua 2,000 kwa siku, kila moja KB 100: ni MB 200 kwa siku, na siku 14 ni chini kidogo ya GB 3.

Limebaki jaribio, na usiliruke. Chagua Jumamosi mchana, watu wakiwa wachache. Kutoka mashine ya tatu iliyo nje ya chuo, kwa programu ya swaks, tuma barua tatu moja kwa moja kwa akiba. Ya kwanza kwa jina halali, itarajie 250. Ya pili kwa jina lisilokuwepo, utaona 450. Ya tatu kwa anwani ya kikoa kingine kabisa. Lazima ukutane na 554, kukataliwa kupitishwa. Hiyo ya tatu ikipita, zima Postfix hapo hapo, maana umefungua njia kwa kila mtumaji wa barua taka duniani.

Kisha zima Postfix ya chuoni. Tuma tena barua kadhaa, tazama foleni ya akiba kwa postqueue -p, ziache zikae saa nzima. Washa seva kuu, amuru postqueue -f kwenye akiba, na ufuatilie logi za pande zote mbili mpaka foleni iwe tupu. Fungua barua moja kwenye sanduku na usome vichwa vyake, uone njia iliyopita na kama SPF imeachwa au imelalamika. Weka ukaguzi wa dakika kumi kumi utakaokutumia ujumbe wa simu foleni ya akiba ikizidi barua 20, kwa sababu taarifa hiyo ikija kwa barua pepe italala kwenye foleni ile ile.

Hapo sasa ingiza rekodi ya MX 20 kwenye DNS. Kwa wiki mbili za mwanzo acha ile 450 mahali pake na usome kila siku majina yaliyoambiwa yarudi baadaye. Karibu yote yatakuwa takataka za kubuni, lakini ukiona humo jina la mwalimu au ofisi uliyoisahau, liongeze; mtumaji wake bado anajaribu na barua itafika. Ukipita wiki nzima bila kuona jina la kweli, badilisha ile 450 iwe 550.